Kompyuta Iliyobaki Ramadhani

Anayeanza kazi katika kiwanda chetu cha saruji, hapa nje ya mji wa Safi, Moroko, huambiwa jambo moja siku ya kwanza: saa unayoiona kwenye kioo cha kompyuta iko nyuma, ongeza saa moja. Hakuna anayemweleza kwa nini. Mimi nitaeleza, maana nilikuwepo, na nimechoka kuwasikia vijana wakicheka eti mashine yetu imezeeka.

Haijazeeka. Ndani ya kabati lake ina bongo nne, wenyewe wanaziita prosesa, zinazofanya kazi pamoja. Mmoja unaangalia tanuri, mwingine vinu, wa tatu mkanda unaopandisha mawe, na wa nne taa na ving'ora vya uwanjani. Kila ubongo una saa yake. Lalla Ghita, yaani Bibi Ghita, mhandisi wetu wa kompyuta, mwanamke wa Fes asiyeogopa mtu, aliajiriwa hasa ili saa hizo nne zisiachane.

"Watu wanne wakikusimulia ugomvi," alikuwa akituambia, "na kila mmoja kaangalia saa yake, hutajua nani alianza kupiga."

Kompyuta ilikuwa mpya, na Ramadhani ile ndiyo ilikuwa yake ya kwanza. Nchi nzima ilikuwa inajiandaa kurudisha saa nyuma kwa ajili ya mfungo, kama kila mwaka, na mkurugenzi wetu, Sidi Tijani, akaamua kwamba kompyuta nayo irudi. Alikuja chumba cha mitambo mwenyewe, tai shingoni, manukato yamemtangulia.

"Sidi Tijani, iache," Lalla Ghita alimwambia mbele yetu. "Mashine haifungi wala haifungui. Watu ndio wapige hesabu kichwani."

"Yaani niwe na kiwanda chenye saa mbili? Wageni wakija niwaambie nini?"

"Waambie ukweli. Saa ya kompyuta hairudishwi nyuma kwa mkupuo. Ukiirudisha hivyo, la pili litaandikwa kabla ya la kwanza. Itabidi nizipunguzie mwendo zote nne, zijikokote mpaka wakati uzikute. Hiyo ni kutwa kucha. Na zikiwa zinajikokota, sikuahidi kwamba zitakwenda sambamba."

"Lalla, mshahara nakulipa wa kunifanyia kazi au wa kunipa darasa?"

Mwenye nguvu mpishe. Usiku wa kuamkia mfungo, Lalla Ghita akazipunguzia mwendo.

Kesho yake alasiri tulikuwa wawili zamu, mimi kwenye tanuri, na rafiki yangu Bouazza, kiti cha pembeni, kwenye mkanda. Bouazza alikuwa mvuta sigara wa kupindukia, na siku ya kwanza ya mfungo uso wake huwa kama wa mtu aliyeibiwa.

"Hammou, usinisemeshe mpaka adhana," akaniambia. "Leo hata mama mkwe namwona adui."

"Kwani siku nyingine unamwona nani?"

Akacheka, masikini. Huo ndio mwisho wa mimi kumsikia akicheka namna ile. Mkanda ulikuwa umesimamishwa ili usafishwe, na sasa ulitakiwa kuwashwa. Akabonyeza king'ora. Nilikisikia kikilia uwanjani. Akasubiri kidogo kama desturi, akasema bismillahi, akawasha mkanda.

Miloud msafishaji alikuwa bado chini yake. Labda aliona ana muda wa kumalizia kokoto za mwisho, Mungu ndiye ajuaye. Kulikuwa na kamba ya kuvuta ili kuuzima mkanda, lakini ilikuwa imekatika tangu majira ya baridi, na tulikuwa tumeisemea mpaka midomo ikachoka. Tulipomtoa alikuwa ameshafariki.

Kamati ya uchunguzi ikaja kutoka mjini, ikataka kumbukumbu za kompyuta. Kumbukumbu zilisema kwanza mkanda, kisha king'ora. Kwa maandishi hayo Bouazza alimwashia mtu mkanda bila kumwonya, ndipo akakumbuka king'ora.

"Mimi nilikuwa pembeni yake," nikawaambia. "King'ora ndicho kilichotangulia. Masikio yangu haya."

Mkuu wa kamati, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akanitazama kwa huruma. "Wewe ni rafiki yake, ndugu yangu. Mashine haina rafiki."

"Mvuta sigara, siku ya kwanza," Sidi Tijani akaongezea, akitikisa kichwa kama mfiwa. "Ramadhani ilimpanda kichwani."

Kuhusu kamba, hakuna aliyeuliza hata neno.

Lalla Ghita akasimama. Akawaeleza kwamba siku ile saa zilikuwa zinajikokota, na saa ya ubongo wa ving'ora ilichelewa kuanza kupunguza mwendo, kwa hiyo ilikuwa mbele ya wenzake. King'ora kilitangulia kulia, lakini kikaandikwa wakati wa mbele. Kamati ikamwambia azioneshe saa hizo. Akazionesha. Zote nne zilikuwa zinasoma wakati mmoja, maana zilikuwa zimeshamaliza kujikokota.

"Mbona zinalingana?" akauliza mkuu.

"Unampima homa mtu aliyekwisha kupona," akajibu. "Nipe ruhusa nizirudishe katika hali ile ile, mjionee."

"Tanuri langu silichezei," akasema Sidi Tijani.

Basi wakakubaliana hivi: baada ya Idi nchi itarudisha saa mbele, na kompyuta itaifuata, polepole vile vile. Kamati itakuja siku hiyo. Kwa kuwa safari hii saa ya ving'ora ikichelewa itakuwa nyuma ya wenzake, mkanda utawashwa kwanza, kisha king'ora, na wataona kompyuta itaandika kipi kimetangulia. Mkuu wa kamati akaahidi kwa kinywa chake.

Bouazza akafunga Ramadhani yake mahabusu. Mkewe, Rkia, alikuwa akipika harira, supu yetu ya kufuturu, akinipa ikiwa moto ndani ya chupa nimpelekee kabla ya magharibi. Jamaa alikonda, lakini alikuwa na matumaini, na matumaini yake ndiyo yaliyokuwa yakinitesa.

"Hammou, zimebaki siku ngapi?"

"Vumilia, Idi hiyo inakuja."

"Mwambie Lalla Ghita namwombea kila swala. Na ole wako wewe unywe harira yangu njiani."

Idi ikaja, ikapita. Kamati ikafika na kanzu mpya. Sidi Tijani aliwaandalia chai ya mnanaa na vitamu vya lozi, sinia zima. Lalla Ghita akakaa mbele ya kompyuta, akaandika neno lake la siri. Kompyuta ikamkataa. Akaandika tena, ikamkataa tena.

"Nimeyafikiria sana maneno yako, Lalla," akasema Sidi Tijani, sukari bado iko kwenye masharubu. "Nimeona ulikuwa na haki. Mashine haifungi wala haifungui. Mwaka huu hatuigusi tena, wala mwaka ujao. Watu ndio wapige hesabu kichwani."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule bwana saa ile. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajamwona Tijani. Yeye hata uongo hakuhitaji, alichukua ukweli wa mtu akaufanyia kazi yake.

"Kwa hiyo hakuna cha kuangalia?" akauliza mkuu wa kamati, kitamu mkononi.

"Hakuna, sidi."

Akamgeukia Lalla Ghita. "Binti yangu, nijibu moja tu. Saa hizi nne, leo, zinalingana?"

Akakigeukia kioo, akazisoma moja moja. "Leo zinalingana," akasema.

"Barakallahu fiki." Akaandika hilo, akamalizia chai.

Bouazza akafungwa. Wiki ile ile mkanda ukawekewa kamba mpya, nyekundu, nzuri kweli. Lalla Ghita akaacha kazi. Nilimsaidia kubeba vitu vyake mpaka langoni, na neno alilosema ni moja: "Nilizilinganisha vizuri mno, Hammou."

Siku hizi Bouazza yuko nje, anauza supu ya konokono karibu na soko la vyungu. Sigara ameacha, na utani ameacha. Nikienda kunywa bakuli huniuliza swali lile lile.

"Bado iko nyuma?"

"Bado."

Hunijazia bakuli, hataki nilipe.

Kila mwaka Ramadhani ikiingia, nchi hurudisha saa nyuma, na kwa mwezi ule mmoja saa ya watu huikuta ya kompyuta. Vijana wa zamu hushangilia, "Leo imepona!" Mimi nageuza kiti changu, nakipa kioo mgongo mpaka Idi.