Uzito wa Arkhip Uliobaki kwenye Kigoda

Arkhip Kulyabin alikuwa amefunga kiatu kimoja basi la klabu lilipopiga honi chini ya ghorofa yao, mjini Balashikha. Mama yake, Zinaida, alikuwa ameshaketi ujiani, mikono mapajani. Kwao mtu hasafiri kabla yeye na watu wa nyumbani hawajakaa kimya kidogo.

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Mama, mwenyekiti ananisubiri!"

"Akapige honi kwao. Kaa!"

Arkhip alichuchumaa juu ya kigoda bila kukigusa, akainuka, akatoka mbio. Kwa mdakaji wa besiboli kama yeye, anayeshinda amechuchumaa nyuma ya mpigaji akidaka mipira, huko ndiko kukaa. Kigoda hakikuona hivyo, maana hakikuguswa. Basi uzito wake ukabaki umekaa pale.

Aligundua hilo akiwa Uholanzi, kwenye kombe la klabu, mkimbiaji wa kwanza alipomgonga naye akapeperuka hadi kwenye wavu. Mwamuzi alisubiri arudi. Jioni alimpigia mama yake simu.

"Mama, sina uzito."

"Najua. Uko hapa kwenye kigoda. Nimeupa supu ya kabichi."

"Na magoti hayaniumi."

"Ndiyo maana. Yanauma huku."

Magoti hayo yalikuwa yamekwisha kwa miaka ya kuchuchumaa, na Arkhip hakutaka kitu kingine duniani ila daktari wa kuyapasua. Valerian Fomich, mwenyekiti wa klabu, alimwahidi daktari huyo kila msimu. "Tukirudi," husema. Wakirudi, husahau.

Wenzake walimfunga kwa kamba ya kiatu kwenye kigingi. Mipira iliyopita juu sana aliipandia taratibu, akaidaka, akavutwa chini.

"Mzee, ukiwa huko juu tuangalizie mvua!" alipiga kelele Tikhon, mrushaji wao.

"Inakuja. Rusha mpira, acha domo."

Wakawafunga Waitalia, wakawafunga wenyeji, wakarudi na kombe. Nyumbani Arkhip alikaa kwenye kigoda. Uzito ukamrudia, magoti yakalia kama mlango mbovu, naye akalia pia, bila aibu, mbele ya mama yake.

Kesho yake alikwenda ofisini. Mwenyekiti alimvika kilemba cha ukoka: shujaa, nguzo ya klabu, simba wa Balashikha. Arkhip akauliza habari ya daktari.

"Magoti gani, Arkhip? Kule Uholanzi uliyatumia?"

"Hapana, Valerian Fomich."

"Sasa daktari wa nini? Goti lisilobeba kitu ni zima."

Wiki hiyo klabu ikatangaza kwamba ni marufuku mchezaji kukaa kabla ya safari. Wachezaji walipoacha uzito wao nyumbani, gharama ya mizigo nayo ilipungua, mwenyekiti akafurahi.

Msimu uliofuata honi ililia tena. Arkhip alikitazama kigoda. Akikaa, atasafiri na maumivu yake, na nafasi yake uwanjani atapewa mwingine.

"Nenda," alisema Zinaida. "Hayo niachie mimi."

Akachuchumaa, akainuka, akatoka. Mama yake alichukua kopo la mafuta ya bata bukini, akapiga magoti mbele ya kigoda, akaanza kuyakanda magoti yaliyobaki pale. Arkhip alishuka bila kugusa ngazi. Alipofika chini alisikia magoti yakilia kule juu, na hakujua kama ni yake au ni ya mama.