Cheryl Anaoa

Wiki nzima Moraa alikuwa hakai hatulii. Anaanza kukunja nguo, anaziacha nusu kitandani, anashuka jikoni, anafungua friji, anaikodolea macho, anaifunga. Sufuria moja aliisugua mara tatu na haikuwa hata na ukoko. Kazini kwake Great Barr, kwenye nyumba ya wazee anakofanya unesi, bibi mmoja wa miaka tisini alimwambia aache kuzungukazunguka, anamtia kizunguzungu. Ukiona mgonjwa anamtuliza nesi, jua mambo yameharibika.

Na chanzo chake ni neno moja, tena fupi.

Nyumbani kwa Moraa sheria ilikuwa moja tangu walipotua Birmingham, bintiye Cheryl akiwa na miaka saba: Kiingereza kinaachwa mlangoni pamoja na viatu. Kikisii kilishamshinda mtoto, basi angalau Kiswahili. Sasa Cheryl ana miaka ishirini na tisa, anaishi kwake Acocks Green, na sheria imehamia kwenye simu. Ndipo Jumapili iliyopita akapiga, akasema polepole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni:

"Mama, nina habari. Naoa."

"Unaolewa," Moraa akamrekebisha palepale, kabla hata ya kufurahi. "Mwanamume ndiye anayeoa, wewe unaolewa. Miaka yote hii nakufundisha, bado tu?" Kisha furaha ikamfikia, akapiga kigelegele hadi jirani akagonga ukuta. "Haya, niambie. Wazazi wa Sukhvinder wanasemaje?"

Cheryl akasema, "Mama, sikukosea neno. Nilitafuta sana. Kuolewa si kweli. Kuoa nako si kweli kabisa, lakini kuko karibu. Sukhvinder ni mwanamke."

Usimcheke Moraa, tafadhali. Jina la Sukhvinder alilisikia miaka miwili. Sukhvinder amepika, Sukhvinder ana mafua, Sukhvinder amenileta mpaka stesheni. Kiswahili chetu hakijali: amepika ni amepika tu, awe na ndevu awe na hereni. Na jina lenyewe, kumbe, kwa Masingasinga hupewa wavulana na wasichana sawasawa. Moraa akajichorea kijana mrefu mwenye kilemba, akamwombea, akajifunza hata kupika dengu kwa ajili yake. Mara mbili alialikwa kwenda kumwona, na mara mbili zamu za kazi zikaingilia. Lugha ileile aliyoilazimisha ndiyo iliyomfichia mtu miaka miwili, kisha ikamtoa peupe kwa silabi tatu.

"Umenidanganya," akasema.

"Sijakudanganya. Hukuuliza."

Na ni kweli, hakuuliza, na ukweli huo ulimkera kuliko uongo.

Cheryl akamalizia kwa sauti ile anayoitumia akiwa ameshalia na kumaliza. Harusi ni Jumamosi ya wiki inayofuata, saa tano asubuhi, ofisi ya msajili mjini. Panatakiwa mashahidi wawili wa kuweka sahihi. Upande wa Sukhvinder ni shangazi yake. "Upande wangu nakutaka wewe. Nipe jibu Jumapili ijayo kabla ya jioni. Ukisema hapana nitamwomba mwenzangu wa kazini. Sitakuwa na hasira, Mama. Lakini sitakuuliza tena jambo lolote la maisha yangu."

Sasa wewe keti na hilo siku saba uone kama utatulia.

Akiwa kwenye foleni ya kununua sukumawiki, Moraa alimkumbuka nyanya yake mmoja kule Nyamira, mjane, aliyeoa mke kwa ng'ombe wake mwenyewe wala kijiji hakikushangaa. Akataka kuishika habari hiyo kama fimbo ya kutembelea. Hatua tatu nje ya duka akaitupa. Yule nyanya alitafuta mtoto wa kiume wa kurithi shamba. Cheryl hatafuti mrithi, Cheryl anampenda mtu. Hapo ndipo penye mwiba, na nyanya hawezi kuutoa.

Na nyuma ya mwiba huo kulikuwa na watu. Moraa ni mjane. Mumewe alipofariki miaka minne iliyopita, ushirika wa Waswahili wa kanisani pale Handsworth ndio uliolala kwenye zulia lake siku tisa. Walipika, wakafua, wakamwogesha yeye mwenyewe siku aliyokataa kuinuka. Mzee Bethuel, mwenyekiti wa ushirika, ndiye aliyefuatana naye kwenda kuchagua jeneza, akamshika kiwiko kama baba. Nchi hii ina watu milioni nyingi, lakini wa Moraa ni hao sitini. Akienda Jumamosi ile, atarudi kwa nani?

Na kana kwamba Mungu naye anapenda mzaha, Jumapili ileile ya jibu ndiyo kanisa lilipangia mjadala.

Kanisa lao liko nyuma ya Soho Road, jengo la matofali mekundu lenye paa linalovuja. Asubuhi wanaabudu Wazungu wachache waliobaki na akina mama wa Kijamaika, alasiri ni zamu ya Waswahili. Sheria ya nchi ilisharuhusu zamani mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke wafunge ndoa, lakini haikulilazimisha kanisa lolote, kila dhehebu lijiamulie. Sasa dhehebu lao lilikuwa linauliza kila mahali: je, ndoa hizo zifungwe ndani ya makanisa yetu au la? Waabudu wa asubuhi na wa alasiri wakaitwa pamoja, wasemezane, kisha wapige kura. Na wakisemezana Wazungu na Waswahili, mkalimani ni nani? Ni Moraa, miaka kumi sasa.

Alifika mapema mno. Akapanga viti, akavipangua, akavipanga upya. Simu yake aliiweka kwenye mkoba, akaitoa, akairudisha.

"Umeingiwa na siafu wewe leo?" akamuuliza Mama Lennox, rafiki yake na mwenzake wa kazini, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupewa likizo.

"Ni mgongo tu."

"Mgongo gani unatembea hivyo?"

Watu wakajaa. Mchungaji akafungua kwa sala, akaeleza swali, na Moraa akalitafsiri kwa tahadhari: kufunga ndoa, kufunga ndoa, kila mara kufunga ndoa. Akashukuru kwamba neno hilo lipo, halina mume wala mke. Lakini Mama Lennox hakumwacha apite.

"Mimi nina swali dogo," akasema Mama Lennox kwa Kiswahili, sauti ikifika mpaka dirishani. "Wakiwa wanawake wawili, nani anaoa na nani anaolewa? Na mahari, jamani, inatoka nyumba gani kwenda nyumba gani? Au wanabadilishana ng'ombe katikati ya barabara?"

Upande wa Waswahili ukaangua kicheko. Na Moraa akacheka. Ndiyo, alicheka, tena kwa sauti, mkono mmoja umeshika maiki.

Wakasema wengi. Mama mmoja wa Kijamaika alisema Biblia haijabadilika tangu alipokuwa mdogo. Kijana wa Kikongo alisema kanisa lililomfungia mlango dada yake huko Ulaya ndilo lililompoteza, hakupotezwa na shetani. Wakapigiwa makofi wote wawili, na watu walewale. Kisha akasimama Mzee Bethuel, koti lake jeusi limepigwa pasi mpaka linang'aa, na watu wakanyamaza wenyewe.

Bethuel, mwalimu wa zamani, ndiye aliyemfundisha Moraa ukalimani, na somo lake lilikuwa moja. Usiseme "anasema." Akisema mimi, nawe sema mimi. Wewe pale huna mdomo wako, umeazimwa wa mwenzako.

"Mimi sina chuki na mtu," akasema Bethuel taratibu. "Watu hao wamekuja nyumbani kwangu, nimewapa chai. Lakini ndoa sikuiumba mimi, na kitu nisichokiumba siwezi kukipinda. Siwezi kuibariki."

Na Moraa akageukia Wazungu, akasema kwa Kiingereza safi, kwa koo lake mwenyewe, kwamba yeye hawezi kuibariki. Sauti ilitoka bila kutetemeka. Aliichukia.

Wa mwisho kunyanyua mkono alikuwa Ron, mzee wa Kizungu aliyefanya kazi kiwanda cha magari mpaka kilipofungwa. Ron huketi nyuma, hufungua na kufunga kanisa, na kwa miaka kumi Moraa hakuwahi kumsikia akisema zaidi ya habari za mvua. Alikuja mbele akashika mgongo wa kiti. Akasema kipande, akangoja, na Moraa akakitafsiri.

"Mwanangu alifunga ndoa na mwanamume mwenzake, miaka sita iliyopita."

Mama Lennox akaacha kujipepea.

"Nilialikwa. Sikwenda. Siku hiyo nilibaki nyumbani nikaosha gari. Gari lenyewe lilikuwa safi."

Hakuna aliyecheka.

"Bado sielewi mambo haya. Leo sijui nitapiga kura gani, pengine nitapiga hapana. Lakini kura ni kitu kimoja, na kiti changu kilichokaa kitupu ni kingine. Mwanangu hunipigia simu Krismasi. Tunaongea habari za mvua. Ni kijana mwenye adabu, hajawahi kunilaumu. Nimebaki na hiyo adabu."

Ron akaachia kiti. Akarudi zake nyuma, akaketi, akavua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati.

Hapo Moraa alitakiwa kushusha maiki. Kazi ilikuwa imekwisha. Mchungaji alishaanza kugawa karatasi za kura. Moraa aliiona saa ya ukutani: saa kumi na nusu. Akagundua kwamba mdomo wake bado unaendelea.

"Na mimi nina binti," akasema kwa Kiswahili.

Waswahili wakatikisa vichwa, wakidhani ni Ron bado.

"Ana miaka ishirini na tisa. Ana huruma, anapenda pilipili, na hajui kudanganya hata akitaka. Jumamosi saa tano atafunga ndoa mjini. Amenitaka niwe shahidi wake. Nimekaa na jambo hili wiki nzima, nimeshindwa kula. Naogopa. Nawaogopa ninyi, kwa sababu ninyi ndio niliobaki nao. Lakini sitaki kuongea habari za mvua na mwanangu mpaka nife."

Vichwa vikaacha kutikisika, kimoja baada ya kingine. Mama Lennox alikuwa amemkazia macho, kiganja kimeziba mdomo. Mzee Bethuel akageuka kumtazama Ron aliyekuwa akifuta miwani, kisha akamgeukia Moraa.

"Dada Moraa," akasema kwa upole, "mzee huyu ameshaketi. Haya unayotafsiri ni ya nani?"

"Sitafsiri, Mzee. Ni yangu." Akashika kile kiti alichokishika Ron. "Ni Cheryl. Anaoana na Sukhvinder. Nami nakwenda."

Maji yakasikika yakidondoka kutoka paa lile linalovuja. Nimewahi kuona watu wakizomewa, na nakwambia kuzomewa ni afadhali.

Upande wa pili Wazungu na Wajamaika walikuwa wakitazamana. Walisikia jina la Cheryl, wakaona nyuso, lakini mkalimani hajawapa kitu. Ron akavaa miwani. Akauliza kwa Kiingereza, kwa wasiwasi, kama yeye ndiye aliyekosea: huyu mama amesema nini?

Moraa alifungua kinywa, Kiingereza chote kikawa kimemkimbia. Mama Lennox akainamia mkoba wake. Ikabidi ainuke Mzee Bethuel mwenyewe.

Alimtazama Moraa kwanza, kitambo, na machoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na ile huruma ya siku ya jeneza. Moraa aliiona na akataka kulia. Kisha Bethuel akageukia upande wa pili, akasema kwa Kiingereza chake cha ualimu kwamba dada yetu ana binti, na binti huyo amefika katika njia panda, na dada yetu anatuomba tumkumbuke katika maombi, maana jambo hilo bado analiombea.

Mchungaji akaitikia amina. Wazungu wakaitikia amina. Kutoka kwa Waswahili ikasikika pumzi ya watu walioshushwa mzigo. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi: apite tu, aketi, apewe karatasi ya kura, na kesho Mama Lennox amletee chapati wala asitaje lolote.

Moraa akainua maiki. Kiingereza kilikuwa kimerudi, na alikitumia kwanza, ili Ron asikie, kisha akasema vilevile kwa Kiswahili, akimtazama mwalimu wake.

"Samahani, Mzee, hapo umekosea. Sikusema naliombea. Nimesema nakwenda."