Kitabu cha Nne cha Dorah

Wenye kuchomea dhahabu ndani ya nyumba, sikieni yaliyompata Mama Dorah wa Rwamgasa, kijiji cha machimbo.

Jioni hiyo mvua ilinyesha. Binti yake Dorah alikuwa amepata kitabu cha nne cha Mageni, yule msichana wa hadithi anayepambana na joka la chini ya ardhi. Vitatu vya mwanzo alishavisimulia mpaka nyumba nzima ikachoka. Hiki kilizunguka darasa zima kabla ya kumfikia, hata jalada hakina. Akajikunja jikoni, penye taa ya sola.

Baba yake, Bujiku, akaleta kidonge cha dhahabu iliyoshikana na zebaki, akakiweka kwenye kikaango juu ya mkaa, zebaki ipae ibaki dhahabu. Akafunga dirisha. Rwamgasa ukionekana unachoma, hata usiyemjua atakuita shemeji ili agawiwe.

"Dorah, kiangalie. Mimi nakaa nje ya mlango, asiingie mtu."

"Baba Dorah, mtoto atoke," mama akasema. "Kliniki walituambia hewa ya zebaki inakula mapafu."

"Mayu, subiri!" Dorah akamdakia mama yake, macho kitabuni. "Mageni ameingia kwenye moshi wa joka!"

"Nitakutoa na huyo Mageni wako kwa mwiko!"

Bujiku akacheka. "Moshi uko wapi hapa? Miaka yote nachoma, nimekufa?"

Kweli, moshi haukuonekana, wala harufu haikuwepo. Mama Dorah akaogopa wakibishana zaidi majirani watasikia. Akatoka peke yake. Mlango ukafungwa, na Dorah, ambaye siku nyingine angeshachoka akatoka, akaendelea kufunua kurasa.

Alfajiri alikuwa anakohoa, kifua kimembana, mwili wa moto. Zahanatini, Bujiku akamwahi nesi: "Ni malaria."

"Jana alikuwa anafanya nini?"

"Anasoma kitabu tu."

Nesi akaandika. Mama Dorah akamtazama mumewe, akamtazama mtoto anavyovuta pumzi kwa mabega.

"Tulimfungia na zebaki, nesi. Mlango na dirisha."

Nesi akaiacha kalamu, akakimbia kuita daktari. Wakamwekea oksijeni, wakaita gari la kumpeleka hospitali ya Geita. Mama Dorah akamsomea kitabu chake, polepole, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Gari lilipofika, Dorah alikuwa ameshakata roho.

Msibani Bujiku aliwaambia watu ni malaria kali. Wanawake waliokuwa wanapika wakatikisa vichwa: mbu wa mwaka huu!

"Si mbu," Mama Dorah akasema, mbele ya wote. "Ni zebaki. Tulichomea ndani, tukamwacha humo anasoma."

Jirani yake Hosiana akasogea, akanong'ona:

"Mama Dorah, na mtoto akiwa amelala chumba cha pili? Mume wangu amebaki nyumbani, anachoma sasa hivi."

"Kimbia, Hosiana."

Hosiana akatupa upawa, akakimbia bila viatu.