Ng'ombe Kwenye Rejeta

Pikapu ya Laurent Malimi ilichemsha tena palepale, ukishapita kijiji cha Ulaya ukitokea Kilosa, mbele kidogo ya geti la shamba la mkonge. Mshale wa temprecha ulipanda ukagota, mvuke ukafoka chini ya boneti, na abiria wakateremka na kuku wao bila kuambiwa. Anastazia, mama mmoja wa kijiji cha Mabwerebwere aliyekuwa akipeleka vitenge Mikumi, alikalia robota lake akasema, "Laurent, hili gari lako lina kiu kuliko mlevi."

Laurent alingoja injini ipoe, akamimina maji, akaondoka. Geti hakuligeukia.

Fundi Cleopa wa Mikumi alikuwa ameshabadilisha belti ya feni, ameshazibua rejeta, na themostati aliitoa akaitupa kwenye majani, maana kila fundi wa huku atakwambia kitu kile ni cha nchi za baridi. Kikubwa hakuwa tayari kushindwa mbele za watu.

"Leo ni gasketi," alitangaza. "Washa. Tukiona mapovu, basi, injini inafunguliwa."

Alijaza rejeta hadi mdomoni, akaacha mfuniko wazi, akainama. Mapovu hayakuja. Maji yalishuka kwa mikupuo, na kutoka chini kabisa ikasikika kengele ya ng'ombe, ya bati, ile yenye mlio wa kupasuka. Cleopa akaingiza kidole. Kikalambwa. Akakitoa, akakipangusa kwenye ovaroli.

"Gasketi nzima," akasema. "Kaka, una ng'ombe humu. Wanakunywa."

"Wengi?"

"Kundi zima. Na wana kiu, si mchezo." Alifunga mfuniko. "Mimi ni fundi wa magari. Mwenye ng'ombe mtafute mwenyewe."

Hapakuwa na haja ya kumtafuta. Kengele ile Laurent aliifahamu tangu mwaka aliohamia huku kutoka Shinyanga na ng'ombe waliobaki mbavu tupu. Alikikuta kisima kule chini ya mkonge, na Mmasai mmoja, Lekishon, akinywesha. Lekishon hakumuuliza katoka wapi. Alizuia kundi lake kwa fimbo na mluzi, likasimama kando na kengele yake, akasema, "Wa mgeni kwanza." Ikawa hivyo hadi Laurent akaacha kuwa mgeni.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Kila mtu akawa mfanyabiashara, na Laurent naye akauza ng'ombe akaanza kuwaza magari. Shamba la serikali likapata mwenyewe mpya. Meneja alipofika na wapima ardhi alimkuta Laurent kisimani, akamuuliza kinatumiwa na nani. Laurent akajibu kwamba hakuna, ni cha shamba tangu zamani. Meneja akampenda hapohapo. Pikapu chakavu ya shamba ikawa ya Laurent, na uzio ukapanda. Kiangazi kile ng'ombe wa Lekishon walikufa kandokando ya waya, vichwa vimeelekea kisimani. Lekishon akaenda Morogoro mjini kulinda geti la mtu. Mkewe, Nkoile, akabaki bomani na ndama wachache waliosalia.

Kutoka kwa fundi Laurent alikwenda bomani, akamkuta Nkoile akikamua mbuzi.

"Shikamoo, yeyo," alisalimia, akimwita mama kwa Kimasai.

"Marahaba, Baba Jenipher. Ng'ombe hawajambo?"

Wamasai ndivyo wanavyosalimia, na zamani jibu alikuwa nalo.

"Nawasikia kila ukipita," Nkoile akasema. "Maji wanapata?"

"Wanapata."

"Usiwe na haraka basi ukisimama. Ndama hunywa mwisho." Akasogeza kibuyu. "Mwenyekiti anasema meneja atakuja kijijini Alhamisi, aulize mara ya mwisho kama kisima kina wenyewe. Hawa ndama hawafiki masika bila kisima. Mimi Kiswahili changu cha kuokoteza, watanicheka. Wewe ulinywesha pale. Utasema?"

Laurent alitaka kumwambia kwamba aliyemjibu meneja "hakuna" mara ya kwanza ni yeye. Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nitasema, yeyo," akajibu.

Alhamisi meneja aliuliza, tena kwa upole, kama kuna yeyote aliyewahi kunywesha pale. Watu wote wakamtazama Laurent. Nkoile alikuwa nyuma, amekaa kwenye majani, amenyoosha miguu. Laurent alisimama na funguo za pikapu zimemjaa kiganjani.

"Hakuna," akasema. Sauti haikumtetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Kando, kwenye pikapu iliyozimwa, kengele ikalia. Meneja akauliza ng'ombe hao ni wa nani. Mwenyekiti akamjibu kuwa ni wa kwenye gari la Laurent, na mkutano ukafungwa. Nkoile alisimama, akajikung'uta shuka, akampita Laurent, akashika njia ya bomani.

Tangu hapo Laurent alibeba pipa la maji nyuma. Kila safari alisimama karibu na geti, akamimina polepole, akingoja hadi ndama wamalize. Abiria walikuwa wakichambua mboga au kunyonyesha, kisha wakipanda. Ndama wa Nkoile walikufa kabla ya masika, na siku iliyofuata rejeta ilitaka maji zaidi.

Siku moja pipa lilitoboka njiani. Alipofika mahali pake akakuta limebaki tone la kujaza kikombe cha chai. Akalimimina hilohilo, akawasha, akasubiri mshale upande.

Haukupanda. Laurent aliteremka, akafungua boneti, akatega sikio. Hakusikia mikupuo. Kengele ilikuwa pale, ikigonga mara mojamoja, ya mnyama aliyesimama na anayepunga nzi. Kundi lilikuwa limejitenga na maji, kama lilivyosimama kando siku ile Lekishon alipompisha mgeni. Lilikuwa linamngoja.

"Gari limepona leo!" Anastazia akapaza sauti kutoka nyuma.

"Limepona," Laurent akasema.

Aliendesha hadi Mikumi bila kuchemsha, machozi yakimtiririka. Uzio upo hadi leo.