Matundu ya Dakta Mindra

Tuta la udongo lililoinuka juu ya barabara ya Oraba liliporomoka kwa utii kabisa, kama Dakta Santina Mindra alivyoandika kwenye ripoti yake: mvua kubwa za kwanza, upande wa mtoni, kuanzia chini. Mtu hakufa. Ila wanasema mbuzi mmoja aliyelala juu yake upande wa Koboko aliamka ng'ambo ya mpaka, Kaya, akiwa raia wa Sudan Kusini.

Halafu mkandarasi akamshtaki Dakta!

Dakta akatoka kwake Mvara, Arua, kwa hasira, akaiacha chai mezani na kushika njia ya Koboko. Ujana wake wote aliuteketezea kazi moja: kujenga kilima ndani ya kompyuta, kukikata vipande maelfu, kukinyeshea mvua ya hesabu na kutazama kipande gani kitateleza kwanza. Programu alizozikuta chuoni zilijua udongo wa nchi za theluji tu. Akaziandika upya kwa udongo mwekundu wa huku, kompyuta ikichemka hadi majirani wakachomea mihogo juu yake. Leo chuo kinamwambia: ukionekana na hatia Koboko, uprofesa usahau.

Ukumbini Koboko, kwenye mkutano wa kusikiliza shtaka hilo, akasimama Injinia Afedra wa kampuni iliyojenga tuta, shati jeupe lisilojua vumbi.

"Tuta letu lilikuwa zima. Nani alilitoboa? Huyu! Alitoboa matundu mawili, akaenda kuandika kwamba litaanguka. Alijuaje, kama si yeye?"

Watu wakaguna. Mama Kaltumu, mfanyabiashara wa maharage, akainuka.

"Dakta, dada yangu, maharage yangu iko chini ya udongo. Jibu hii maneno."

Dakta akakunja mkono wa gauni. "Kila tundu unene wa mkono huu. Nilitoa udongo wa kupima, nikaziba. Injinia, hili ndilo lililosukuma kilima?"

"Mimi nasema tu lilitobolewa."

"Haya. Lile tuta lingine, mbele kidogo. Kampuni yako, udongo uleule, mfereji wa maji hakuna. Hilo sijaligusa hata kwa kidole. Liko salama?"

"Salama kabisa!"

"Basi gari lako jipya hilo hapo nje, kaliegeshe chini yake. Liache mpaka mvua zikatike."

Injinia akacheka peke yake. "Gari... lina kazi."

"Na lori yangu haina kazi?" Mama Kaltumu akafoka. "Dereva yangu iko napita hapo kila siku! Egesha!"

"Egesha! Egesha!" ukumbi ukaitikia.

Injinia akachungulia dirishani. Mawingu yalikuwa yanajaa upande wa Kaya. Mkono wake ukazama mfukoni, ukaubana ufunguo kama yai la kuku, wala haukutoka tena.

Mwenyekiti wa mkutano akamgeukia karani. "Andika: barabara ifungwe mpaka tuta lile la pili litengenezwe upya."

"Na jina langu?" Dakta akauliza.

"Kaa kwanza, Dakta."

"Sikai. Nimesingiziwa nimesimama."

Mwenyekiti akapumua. "Andika na hilo. Hana kosa."

Dakta akasogea, akainama begani kwa karani, na hakuketi mpaka wino ulipokauka.