Bitana ya Bahasha

Watu wana macho ya kuonea njia tu. Nimelisema hilo miaka yote nikiwa kwenye cherehani yangu, na wateja hunikubalia kwa sababu ninakuwa nimeshika mkasi. Mtu anapokea bahasha ya ofisi, anaichana kama ana ugomvi nayo, anasoma barua, ananuna, anatupa vyote. Hajiulizi hata siku moja ndani ya bahasha kuna nini. Na uzuri wote uko ndani!

Ukweli ni huu. Kwa nje bahasha ni nyeupe, ina sura ya mtu aliyetoka kulazwa. Kwa ndani wamechapa nakshi, ili mwenye umbea asiinue bahasha juani akasoma ya wenzake. Benki wana vistari vilivyopishana kama chandarua. Watu wa maji wameweka mawimbi, na aliyefikiria hilo nampa pongezi zangu. Watu wa bima wamerudia jina lao mara nyingi hadi linaonekana kama sisimizi waliokosana, na ndivyo walivyo, hawana ubunifu hata chembe. Sisi mafundi nguo kitu cha namna hiyo tunakiita bitana. Koti lolote linaweza kukudanganya kwa nje. Ligeuze uone bitana, ndipo utajua lilishonwa na nani na kwa moyo gani.

Nakshi hizo nilizikata nikazihifadhi kwenye bati la biskuti. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa udereva na hajui tofauti ya zambarau na hudhurungi, alikuwa akinitania kila akiliona bati. "Wenzako wanakusanya vyombo," alisema, "wewe unakusanya taka." Nilimwambia hana jicho. Nilikuwa nikiwaambia hivyo watu wengi.

Nakshi iliyonitoa roho ilikuwa ya buluu iliyoiva. Matone yaliyolala ubavu, kila tone kubwa limelikumbatia tone dogo, yameshikana mikia hadi pembeni bila kukosea hata mara moja. Hiyo sikuikuta kwenye barua zangu. Niliikuta kwenye mifuko ya suruali za wateja. Wanaume huleta suruali nizipanue kiunoni, na hawakagui mifuko. Humo nilitoa tiketi, vijiti vya meno, na mara kwa mara kipande cha bahasha yenye matone. Kipande tu. Upande wenye muhuri na jina la ofisi ulikuwa umechanwa kwa uangalifu mkubwa.

Nilifurahi sana. Nikajiambia, hatimaye wanaume wa mtaa huu wamepata jicho! Wanatupa sehemu mbaya yenye mihuri, wanabaki na nakshi. Na kipande kikubwa kuliko vyote, bitana karibu nzima, nilikitoa kwenye koti la mume wangu mwenyewe. Nilipomuuliza alikohoa kidogo, akasema, "Nilikuokotea njiani. Si unapenda?" Mume aliyenitania miaka yote! Siku hiyo nilimpikia nyama na sikumwambia aoshe sahani.

Basi mdogo wangu akapata mchumba. Nyumbani tulimwita Bwana Taratibu, kwa sababu alifanya kila kitu polepole na kwa adabu. Alikunja leso kabla ya kuirudisha mfukoni. Aliomba ruhusa ya kukohoa. Mama alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, na mimi nililikagua koti lake alipolivua, nikakuta bitana safi, mshono umenyooka. Nikapitisha.

Mdogo wangu alikuwa na sharti moja tu. Baba yetu aliondoka tukiwa wadogo, na tukaja kugundua kwamba alikuwa na watoto wengine ambao hakuwahi kuwataja. Mdogo wangu alilia kwa ajili ya hilo kuliko mimi. Kwa hiyo alimwambia Bwana Taratibu mbele ya Mama, "Kama una mtoto, sema sasa hivi. Mtoto si kosa. Nitampokea. Lakini ukinificha wa kwako, kesho utawaficha wa kwangu." Bwana Taratibu aliweka mkono kifuani. "Mpenzi," akasema, "mimi sina hata paka." Mama akafuta machozi. Mdogo wangu akaacha kazi yake ya ukarani, akarudisha funguo za chumba alichopanga, tayari kumfuata mumewe mji mwingine. Alishavunja kila kitu nyuma yake.

Kazi ya nguo na mapambo nikapewa mimi. Nani mwingine? Nilichukua kile kipande kikubwa nikampelekea fundi wa kuchapa vitambaa. Alikitazama, akanitazama mimi, akakirudisha mezani kama kina moto.

"Hii si ya bahasha?"

"Ya bahasha ndiyo."

"Una uhakika unataka hii?"

"Kwani we una jicho gani la kunifundisha mimi?" nikamwambia. Akachapa majora. Nyumbani mume wangu aliponiona nimekikunjua kitambaa kitandani, alisimama mlangoni muda mrefu.

"Maua yamekosa nini?" akauliza.

"Maua kila mtu anayo."

"Ndiyo nasema. Chukua maua, mke wangu. Maua mazuri."

Nilimhurumia, maskini, nikaendelea kupima.

Siku ya familia mbili kukutana, sebule ya Mama ilikuwa matone matupu. Mapazia matone, kitambaa cha meza matone, mito ya makochi matone. Mama alivaa gauni la matone lililomficha tumbo, mimi langu lilikuwa la mikono mifupi, na mdogo wangu nilimshonea la kubana kiuno likafunguka chini. Alipendeza kweli. Mume wangu alijitolea kumimina vinywaji, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimfahamu. Tukajipanga mstari karibu na mlango, tunatabasamu, tunasubiri kusifiwa.

Aliyetangulia kuingia ni mjomba wa Bwana Taratibu. Alitupa salamu nusu, akaliona pazia, nusu ya pili ikampotea. "Samahani," akasema, "nimesahau kufunga gari." Akatoka. Mtu huyo alikuja kwa miguu, na hakurudi.

Kisha akaingia Bwana Taratibu mwenyewe na shada la maua. Akatazama mapazia. Akatazama meza. Akamtazama Mama kuanzia mabegani hadi miguuni, kisha mimi, kisha mdogo wangu. Jasho likamtoka usoni, naye akalifuta, na kwa mara ya kwanza hakukunja leso.

"Sawa," akasema.

"Sawa nini, mwanangu?" Mama akauliza, bado anatabasamu.

"Mngeniambia tu, Mama. Hakukuwa na haja ya kunifanyia hivi. Mpaka mito ya makochi?" Akaliweka shada chini. "Nilipanga kumwambia baada ya harusi. Nawaapia. Na barua yao ya pili nimeijibu, waulizeni wenyewe. Mtoto anapelekewa maziwa."

Tabasamu letu lilikuwa bado liko usoni kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke.

"Mtoto gani?" akauliza mdogo wangu.

Bwana Taratibu alitutazama mmoja mmoja, na nikaona akili yake ikirudi ilikotoka, polepole, kama kila kitu chake. "Kwani... hamkuwa mnajua?"

"Tujue nini?" Mama akafoka.

"Sasa hii je?" Akashika pembe ya kitambaa cha meza. "Hii ni bahasha ya Ofisi ya Matunzo ya Watoto. Ile wanayowaitia wanaume waliotelekeza watoto. Kwa ndani iko hivi hivi. Tone kubwa limelibeba dogo. Aliyewahi kuitwa kule hawezi kuisahau."

Nikaliangalia gauni langu. Tone kubwa, tone dogo. Mzazi na mwana, na mimi niliwatazama siku zote hizo nikaona umbo tu. Zile suruali zote zikapita mbele ya macho yangu. Mwenye duka la vyombo. Mwalimu wa kwaya. Yule anayekuja na mkewe kupimwa.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alivua pete, akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole kuelekea kwa Bwana Taratibu. "Hata paka, ulisema," akamwambia. Kisha akakaa kwenye kochi, akaukumbatia mto kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kukumbatia. Kazi alishaacha, chumba alishatoa. Nilitaka kumrarua yule mwanaume kwa mikono yangu.

Lakini mimi nami nina tabia zangu. Hata katika saa ile nilisikia kifua kikinipanda kwa fahari. "Mshukuru Mungu, mdogo wangu," nikasema kwa sauti ya watu wote, "kwamba una dada mwenye jicho! Mngesifia hizo leso zake na adabu zake mpaka lini? Mimi nimesema kila siku, mtu ni bitana. Bila mimi ungeolewa na koti!"

Bwana Taratibu alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama. Adabu hazikumwacha hata pale.

"Samahani, shemeji," akasema. "Naomba kuuliza tu. Bahasha zile haziuzwi dukani. Zinatumwa kwa walioitwa peke yao. Wewe hiyo uliyochapia kitambaa uliipata kwa nani?"

Nikafungua mdomo kusema "kwa wateja." Nikakumbuka. Vya wateja vilikuwa vipande vidogo, visingetosha kuchapia hata leso. Nyuma yangu, glasi zilizokuwa zikigongana kwenye trei zikanyamaza.

"Mume wangu aliniokotea," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama alikuwa anatazama juu ya bega langu. Mdogo wangu, ambaye ndoa yake ilikuwa imekufa muda huo huo, akanitazama kwa huruma, akasogea kwenye kochi kunipa nafasi ya kukaa. Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya pazia na jagi mkononi, anamimina juisi kwenye glasi iliyokwisha kujaa.

"Si nilikwambia uchukue maua," akasema.