Umeme wa Vichwa vya Temeke

Umeme ulipofika mtaani kwa akina Rosalia, mwaka 1952, haukuja kuwasha taa. Ulikuja kutafuta umeme mwingine vichwani mwa watoto. Gari la Serikali lilisimama nje ya shule, injini ikinguruma tangu asubuhi, nyaya zikapitishwa dirishani mpaka darasa la nne. Mwisho wa nyaya alikaa Daktari Pettigrew, ambaye watoto walishampa jina la Bwana Nyaya kabla hajamaliza kufungua masanduku.

Karani wake, Gaudens, Mhaya mwenye tai iliyombana koo, aliwaeleza wazazi. Mtoto atabandikwa visahani vya bati kichwani, aonyeshwe picha. Ubongo ukiona kitu chenye maana hutoa umeme, na kalamu za mashine huruka juu ya karatasi ndefu. Usipoona maana, kalamu hulala. Mtoto wa kulaza kalamu hana haja ya darasa la tano, atafutiwe jembe.

"Na mtihani waliofanya?" Rosalia aliuliza. Binti yake Yuliana alikuwa wa pili darasa zima.

"Mtihani unapima alichokariri, mama. Mashine inapima alichonacho."

Moyoni Rosalia alikuwa anahesabu. Babu yake alipimwa mabega na Mdachi. Baba yake alipimwa kifua na Mwingereza, akabebeshwa masanduku ya risasi mpaka miguu ikafa ganzi. Sasa wamepanda wamefika kichwani. Wakimaliza hapo sijui watapima nini, kivuli?

Mwalimu Projestus alikuwa ameagiza watoto waje nadhifu, maana wanaonwa na Mzungu. Akina mama wa Temeke hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Vichwa vilisukwa tangu jana yake, vikapakwa mafuta ya nazi, vikapakwa tena, hata mtoto akiinama mafuta yanamchuruzika shingoni. Hakuna mzazi aliyetaka wa kwake aonekane mkavu.

Basi watoto wakaingia, mmoja mmoja, waking'aa. Wakaonyeshwa moto unaowaka ndani ya ukuta wa nyumba na watu wameukalia mbele wanatabasamu. Wakaonyeshwa mtu mweupe mnene asiye na miguu, pua yake karoti. Wakaonyeshwa mbwa aliyevaa sweta. Kalamu zikalala. Ishirini na mbili waliingia, ishirini na mbili wakalaza kalamu, naye Yuliana miongoni mwao. Bwana Nyaya akaandika kwa furaha ya mtu aliyekuta alichokuja nacho.

Rosalia, aliyekuwa amesimama dirishani, hakutazama kalamu. Alitazama visahani. Kimoja kiliteleza kutoka utosini mwa Yuliana kikaja kukaa sikioni kama hereni. Bwana Nyaya akaongeza gundi, kikateleza tena. Mumewe Benedikto alikuwa mchonga vinyago, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimgombeza kwa jambo hilohilo: usishike mti wangu na mikono ya mafuta, gundi haitashika!

"Bwana Karani," aliita. "Mwambie bwana wako visahani havijashika. Ni mafuta."

Gaudens alitabasamu kwa mdomo wa upande mmoja. "Mama Yuliana, mie nimtafsirie nini? Kwamba mashine ya Uingereza imeshindwa na nazi?"

"Ndiyo, hivyohivyo. Maneno umeyapanga vizuri."

"Nina watoto, mama."

"Na mie huyu hapa. Au unadhani nimemwokota?"

Hakusubiri jibu. Alimshika Yuliana mkono mpaka bombani, akamfumua nywele, akamsugua kwa sabuni ya mche mara tatu, mtoto akilia povu machoni. Akarudi naye, akamkalisha kitini mwenyewe. Bwana Nyaya alishangaa, kisha akacheka, akabandika visahani. Safari hii vilishika.

Moto ukutani: kalamu zikajinyoosha kidogo. Mtu wa karoti: zikatikisika, maana Yuliana alikuwa anajizuia kucheka. Kisha ikaja picha ya askari amevaa kofia ndefu, amemshika mtoto mkono.

Kalamu ziliruka. Zilikwangua karatasi kutoka ukingo mpaka ukingo, wino ukamrukia Bwana Nyaya kwenye shati. Yuliana hakulia wala hakupepesa macho. Mwaka uliopita alikuwa na baba yake mjini, wameweka vinyago vya kuuza karibu na hoteli, askari akaja, rungu likatua kichwani mwa Benedikto mara mbili. Mkono uliokuwa umemshika Yuliana ukamwachia.

"Ameona!" Rosalia alipiga makofi. "Haya, andika!"

Bwana Nyaya aliandika. Gaudens akasoma juu ya bega lake, sauti ikawa ndogo. "Anasema ile ni picha ya rafiki anayempeleka mtoto kwao. Kalamu hazikupaswa kuruka hivyo. Ameandika: ubongo una hofu kupita kiasi, hautafaa kwa masomo."

"Zikilala, mjinga. Zikiamka, kichaa."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na karatasi inakwenda wapi?"

"London."

Rosalia alisogea mezani, akaishika karatasi ile ndefu, akaichana pale ilipotoka mashineni, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga. "Kichwa ni cha mwanangu. Hakisafiri."

Bwana Nyaya akafoka. Gaudens hakutafsiri. Aliinama kana kwamba anaokota kalamu, akanong'ona, "Asiye na karatasi hahesabiwi kuwa amepimwa. Mwalimu atatumia alama za mtihani."

Maneno hayo hayakukaa ndani. Kabla injini haijazimwa, akina mama ishirini na mmoja walikuwa wamepanga foleni mlangoni, kwa adabu kabisa, kila mmoja akidai karatasi ya wa kwake. Daktari aliagiza aitwe askari. Gaudens alitoka kumwita, akaenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta kivuli; kabla hajarudi, kila mama alikuwa na karatasi ya mwanawe mkononi.

Mwalimu Projestus akafungua daftari. "Yuliana binti Benedikto," aliandika, "arobaini na saba kwa hamsini. Darasa la tano."

Na Mwanabaraka, muuza vitumbua, alizipokea karatasi ambazo wenzake hawakuwa na kazi nazo. Wiki nzima Temeke ilikula vitumbua vilivyofungwa ndani ya akili za watoto wake, na hakuna aliyelalamika kwamba hazina maana.